Mara 64 za Mahut

Ukimwambia baba mdogo kwamba kuna mechi ya tenisi imekwenda saa tano, hakuulizi nani kashinda. Anauliza, "Seti ya mwisho nani alianza servisi?" Ukikosa jibu anarudi kwenye chai yake, na hapo unajua hujamletea habari yoyote.

Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mtunza viwanja wa klabu moja hapa Arusha. Alfajiri alimwagilia udongo, akapitisha roli, akachora mistari kwa chokaa, akakaza wavu. Jioni alivaa raba akacheza na mwanachama yeyote aliyekosa mwenzake. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuangalia, kisha kwa raketi iliyokatika nyuzi aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mimi nilianza kuokota mipira pale nikiwa na miaka 12, nikitoka shule, kwa soda na nauli. Ilikuwa enzi ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda imejaa watu pale AICC, kituo cha mikutano, na mawakili na wakalimani wake walikuwa wanakuja kucheza jua likipoa. Nilijua kuhesabu pointi kwa Kiingereza kabla sijakijua Kiingereza chenyewe.

Juni 2010 nilikuwa na miaka 15. Wenyeji wa Arusha mnaijua Juni yetu: Mlima Meru umejifunika, asubuhi watu wanatembea na makoti mpaka saa nne. Lakini mwezi ule baridi ilisahaulika, Kombe la Dunia lilikuwa Afrika Kusini. Kuanzia Ngarenaro mpaka Unga Limited mabanda ya video yalijaa, na vuvuzela zililia hadi vituo vya daladala. Nani angekumbuka kwamba huko London mashindano ya Wimbledon nayo yameanza? Baba mdogo alikumbuka. Televisheni ya baa ya klabu ilikuwa moja tu, na saa za mchana, kabla mpira haujaanza, ilikuwa kama yake.

Jumanne, tarehe 22, saa mbili na dakika 13 usiku kwa saa zetu, waliingia uwanja namba 18 watu wawili ambao hakuna aliyewatazamia makuu. John Isner, Mmarekani mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliorodheshwa wa 23 kwa ubora kwenye mashindano yale. Nicolas Mahut, Mfaransa, alikuwa wa 148 duniani na ilibidi apitie mchujo ndipo apate nafasi. Hata kwenye mchujo huo alikuwa ameshacheza mechi moja iliyoisha 24–22 seti ya mwisho. Ilikuwa raundi ya kwanza. Wakacheza seti nne, kila mmoja akachukua mbili, giza likaingia, wakaambiwa warudi kesho.

Hiyo kesho ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Jumatano saa kumi na dakika tano jioni walianza seti ya tano, sifuri kwa sifuri. Nilipofika kutoka shule baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa baa, mfagio mkononi. Mfanyakazi hakuruhusiwa kukaa. Nikamwamkia, akaitika bila kugeuza kichwa. Mimi nikaenda kuokota mipira ya mawakili. Kila nilipopita karibu na ile baa namba zilikuwa zimepanda, na zilikuwa zimepanda sawasawa: 15–15, 20–20, 28–28. Saa kumi na moja Marekani walianza kucheza na Algeria, baadhi ya wanachama wakataka wawekewe mpira, wengine wakasema ngojeni hii inaisha sasa hivi. Haikuisha. Landon Donovan alifunga dakika za nyongeza, sisi tukaisikia habari hiyo kutoka barabarani.

Kwa wasioufuata mchezo huu, nieleze kwa nini haikuisha. Mwenye servisi ndiye anayeurusha mpira juu na kuupiga kwanza, na kwenye nyasi mpira unateleza chini na kwa kasi, kwa hiyo ana faida kubwa. Mechi ile ilikuwa ya kutafuta seti tatu, na seti hujengwa na gemu. Kila gemu ina mwenye servisi mmoja, inayofuata ni zamu ya mwenzake. Ili ushinde seti ni lazima ufikishe angalau gemu sita na utangulie kwa mbili, maana yake angalau mara moja umnyang'anye mwenzako gemu ya servisi yake. Kwenye seti za kawaida mkifika 6–6 kuna taibreki, yaani mnamaliza kwa pointi chache. Wimbledon ya wakati ule haikuwa na taibreki seti ya tano. Mlicheza mpaka mmoja atangulie kwa mbili, iwe leo, iwe kesho kutwa. Isner alimaliza mechi ile na servisi 113 ambazo Mahut hakuzigusa hata kwa ncha ya raketi. Mahut alipiga 103 za namna hiyo. Kwa jumla zilipita gemu 168 mfululizo ambazo kila mwenye servisi aliilinda yake.

Saa tatu na nusu usiku Ghana waliingia uwanjani Soccer City kucheza na Ujerumani. Hapo hapakuwa na mjadala. Karibu Afrika nzima ilikuwa imebaki mikononi mwa Ghana, na televisheni ikahamishwa. Gemu zaidi ya 80 zilikuwa zimeshachezwa kwenye ile seti ya tano. Baba mdogo hakusema neno. Angesemaje? Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, nami nikakaa pembeni yake nikiwa nimejifunika taulo la mipira kwa baridi.

Palikuwa na kijana mhudumu wa baa aliyekuwa na simu yenye intaneti, kitu ambacho mwaka ule hakikuwa cha kila mtu. Kila baada ya muda alipita na trei ya chupa, akainama kidogo na kusema neno moja: "Bado." Anaingia, anatoka. "Bado, baba." Ndani watu wanapiga kelele za Özil aliyefunga dakika ya 60, nje sisi tunapokea "bado" yetu. Sijui lugha nyingine inayoweza kusema kwa silabi mbili kwamba jambo halijaisha, halijashindikana, na bado linangojwa. Nimekaa na neno hilo tangu usiku ule.

Baadaye nilisoma kwamba ubao wa matokeo pale uwanja namba 18 uliganda kwenye 47–47 kisha ukazima. Walioutengeneza hawakuupangia kuvuka hapo. Mwamuzi, Mohamed Lahyani, aliendelea kutangaza matokeo kwa mdomo kutoka kwenye kiti chake kirefu, alikokaa saa saba za siku ile bila kushuka. Saa tano na dakika kama kumi usiku wetu, kule London jua likiwa linazama, walisimamishwa kwa mara ya pili: 59–59. Dakika chache baadaye filimbi ya Soccer City ikalia. Ghana wamefungwa 1–0 na wamefuzu. Watu walitoka baa wakicheza na kukumbatiana kwa mechi waliyoshindwa, na mhudumu akaja na trei tupu. "Wameahirisha mpaka kesho."

Tulitembea mpaka Kijenge kwa miguu. Njia nzima baba mdogo alisema sentensi moja tu niliyoikumbuka: "Yule mfupi anajibu tu. Tangu jioni anajibu."

Sikumwelewa mpaka Alhamisi. Siku ile Malkia Elizabeth alikwenda Wimbledon kwa mara ya kwanza tangu 1977, na mechi iliendelea saa kumi na mbili kasoro dakika 20 kwa saa zetu. Televisheni ilikuwa kwenye Italia na Slovakia. Sisi tulikuwa uwanjani tunakunja mashuka ya kuzuia upepo. Ilipokaribia saa moja yule mhudumu alikuja, mara hii anakimbia bila trei. "Imeisha! 70–68!"

Baba mdogo akauliza, "Servisi ilikuwa ya nani?"

"Ya Mfaransa."

Akachuchumaa, akaokota kijiti, akaandika kwenye udongo alioupitisha roli asubuhi ile ile. Isner alianza servisi seti ya tano. Kwa hiyo kila namba, Isner ndiye anatangulia na Mahut ndiye anasawazisha. Isner akifika 5–4, Mahut akipoteza gemu inayofuata anakwenda nyumbani. Akailinda, 5–5. Isner 6–5. Tena Mahut akipoteza, basi. Kuanzia alipokuwa na nne mpaka akafika 68: baba mdogo akatoa nne kwenye 68 na kupigia mstari jibu. Mara 64. Mara 64 Nicolas Mahut alisimama kwenye mstari wa nyuma akijua kwamba gemu hii ikimponyoka hakuna nyingine, na mara zote 64 akaishinda. Ya 65 ndiyo iliyomshinda.

Niliona pointi ile ya mwisho miaka kadhaa baadaye, kwenye simu. Mahut amekuja mbele, Isner anapiga kwa mkono wa nyuma, mpira unapita sambamba na mstari wa pembeni, jitu lile linaanguka chali kwenye nyasi. Saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, gemu 183. Seti ya tano peke yake ilichukua saa 8 na dakika 11. Mechi nzima iliyokuwa imeshika rekodi kabla yake, ya Fabrice Santoro na Arnaud Clément pale Paris mwaka 2004, ilikuwa saa 6 na dakika 33. Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo: ukihesabu pointi zote za mechi, Mahut alipata 502 na Isner 478. Aliyepata nyingi ndiye aliyefungasha.

Watu wengi wanakumbuka mechi ile kwa sababu ya urefu. Rekodi yenyewe naiheshimu, lakini saa 11 ziligawanywa sawa kwa wote wawili na uzito haukugawanywa sawa. Isner kila alipokuwa na servisi alijua akiteleza bado ana nafasi ya kurudisha. Mahut hakuwa nayo. Sisi wa mpira wa miguu tunalijua hili kwenye penalti: timu inayopiga ya pili inapiga na kisu shingoni. Wiki moja tu baada ya siku zile tulimwona Asamoah Gyan amegonga mwamba dakika ya mwisho dhidi ya Uruguay, kisha ndani ya dakika chache akatembea kwenda kupiga penalti ya kwanza ya Ghana, baada ya Forlán kufunga yake. Akafunga. Nchi nzima ililia kwa ujasiri wa mguu ule mmoja, mara ile moja. Chukua mara ile uizidishe.

Nilipolisimulia jambo hili kwa wenzangu, wengi walinitajia John Stephen Akhwari. Hapa kaskazini hilo ndilo jina la kwanza ukizungumzia kuvumilia, na ni haki yake: mtu wa Mbulu, Oktoba 1968 kule Mexico, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, na anamaliza. Namheshimu kuliko mwanamichezo yeyote wa nchi hii. Lakini Akhwari alijua mwisho uko wapi. Ulikuwa umbali wa kilomita 42 na ushee kutoka alipoanzia, umepigwa chokaa, unamngoja, hausogei. Mwisho wa Mahut ulikuwa unasogea. Kila alipoufikia ulisogezwa mbele gemu mbili, na aliyeusogeza alikuwa ni yeye mwenyewe kwa kukataa kushindwa.

Ninayo sababu ya kulishikilia hili. Desemba 2012 nilicheza mashindano ya vijana ya likizo, hapa hapa mjini, nusu fainali, na kijana kutoka Moshi tuliyekuwa tumezoeana. Seti ya tatu tulifika 11–11. Yeye ndiye aliyeanza servisi. Kuanzia 4–5 mpaka 10–11 nilisawazisha mara saba, na ninaweza kukusimulia kila moja: ile ya 7–8 nilipokuwa nyuma pointi tatu, ile ya 9–10 mpira uliogonga mstari na yeye mwenyewe akakiri kwamba umegonga. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini nilikuwa na utulivu ambao sijaupata tena maishani, utulivu wa mtu asiye na kazi nyingine duniani isipokuwa moja.

Jua lilikuwa linazama, taa hazikuwapo, na viwanja vilikuwa vimekodishwa kwa send-off jioni ile. Viti vya kitambaa cheupe vilishapangwa hadi ukingoni mwa mstari wetu. MC alikuwa anajaribu maiki, moja mbili, moja mbili. Mwandaaji mmoja wa mashindano akaja akasema, "Vijana, malizeni kwa pointi moja." Tukadhani anatania. Akatoa shilingi, akairusha, servisi ikaenda kwa mwenzangu. Nikaurudisha mpira vizuri, ukagonga utepe wa juu wa wavu, ukasita, ukaangukia upande wangu.

Sikulia siku ile. Nililia Jumatatu, kwenye daladala, bila sababu ya karibu. Baba mdogo alikuwa ameamriwa atoe wavu ili watu wapite na maua, akautoa. Usiku nyumbani alinitazama akasema, "Mechi yenu iko 11–11." Hajawahi kuitaja kwa matokeo mengine. Yule wa Moshi naye tukikutana hutania tukaimalize, na huo si utani mtupu kwa upande wangu.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa nilivyozipokea habari za sheria kubadilika. Taibreki yenyewe ni ya zamani, ililetwa baada ya mechi kama ile ya mwaka 1969 ambapo Pancho Gonzales, akiwa na miaka 41, alimshinda Charlie Pasarell kwa gemu 112, seti ya kwanza peke yake 22–24. Wimbledon waliikubali mwaka 1971, ila seti ya mwisho wakaiacha huru. Marekani kwenye US Open waliifunga hata ya mwisho tangu 1970. Wengine walishikilia.

Kilichowabadilisha Wimbledon ni Isner yule yule. Nusu fainali ya 2018, na Kevin Anderson, mzaliwa wa Johannesburg, saa 6 na dakika 36, seti ya tano 26–24. Niliitazama mwanzo mpaka mwisho. Karibu na mwisho Anderson alianguka, akainuka, raketi imeshahamia mkono wa kushoto, akaupiga mpira kwa mkono huo na pointi akaichukua. Utotoni aliwahi kuumwa kiwiko cha kulia na kucheza kwa kushoto, na mwili ulikumbuka. Siku mbili baadaye kwenye fainali mbele ya Djokovic alikuwa mtu aliyechoka, alipoteza seti mbili za kwanza 6–2, 6–2. Mwafrika amefika fainali ya Wimbledon na hana miguu. Anderson mwenyewe alisema sheria iangaliwe upya. Mwaka 2019 wakaweka taibreki kwenye 12–12, na mwaka huo huo fainali ya Djokovic na Federer ikaishia hapo hapo, 13–12, baada ya Federer kupoteza pointi mbili za ubingwa kwa servisi yake mwenyewe. Tangu 2022 mashindano yote makubwa manne yana sheria moja: ikifika 6–6 seti ya mwisho, taibreki ya pointi kumi.

Siwezi kusema wamekosea. Isner wa 2010 alirudi uwanjani kesho yake, akafungwa na Thiemo de Bakker kwa dakika 74, bila kupiga hata servisi moja isiyoguswa, yeye aliyetoka kupiga 113. Mwili wa mtu si roli ya kusawazisha udongo. Kwa Mahut, nafsi yangu inatulia kidogo ninapokumbuka kwamba mwaka 2016 alitwaa Wimbledon ya wawili wawili pamoja na Pierre-Hugues Herbert na akawa namba moja duniani katika mchezo huo. Isner alicheza mechi yake ya mwisho ya peke yake New York mwaka 2023, akaipoteza kwa taibreki ya seti ya tano. Hata yeye, mwishoni, alifungiwa mlango kwa pointi chache.

Ninachokiona kimepotea ni ile nafasi ya kujibu. Mara 64 haitatokea tena. Kwa sheria ya sasa, anayeanza wa pili atalinda uhai wake kwa servisi mara mbili, 4–5 na 5–6, kisha inakuja taibreki.

Mwaka 2025, Jumapili ya tarehe 8 Juni, nilikwenda Kijenge kutazama fainali ya Paris na baba mdogo. Amestaafu, magoti yanamsumbua, anakaa na blanketi miguuni. Jannik Sinner na Carlos Alcaraz walianza saa kumi na ushee jioni. Alcaraz alikuwa nyuma seti mbili, akaokoa pointi tatu za ubingwa kwenye seti ya nne, akaichukua. Seti ya tano usiku umeingia, chai ya tatu, baba mdogo anahesabu kwa vidole na kusema "bado" kila zamu ikibadilika. 6–6. Saa 5 na robo zilikuwa zimepita. Akatazama saa ya ukutani, akatazama matokeo, akaona nafasi ipo. Akachukua tochi na fimbo, akaniambia, "Ngoja nikafunge geti nifungulie mbwa, hawa wana safari ndefu."

Nilifungua mdomo kumwambia. Sikusema.

Alcaraz alipata pointi saba mfululizo. Ikawa 10–2. Saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote zilizowahi kuchezwa Paris, na kijana yule amelala chali kwenye udongo mwekundu amefunika uso. Nikasikia mnyororo wa geti, mbwa wakikimbia, kisha viatu vya baba mdogo vikikung'utwa kwenye ngazi. Alisimama mlangoni, tochi bado inawaka, akaitazama televisheni ambako watu walikuwa wanapeana mikono wavuni.

"Wameahirisha mpaka kesho?"